Rebmann wa Rabai: Macho Yaliyobishiwa

Najua wengi mlitarajia kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri zimzungumzie tena Mekatilili wa Menza, na kweli anastahili kila mwaka. Lakini mimi nimemchagua Mzungu mmoja aliyeishi hapa hapa Rabai miaka 29. Sikumchagua kwa uzungu wake. Nimemchagua kwa sababu ya macho yake.

Mtakumbuka kuwa muhula uliopita chama kilijadili hoja kwamba miwani humharibia mtu sura na kumfanya asiwe yeye, na kwamba ni heri kuvaa lenzi ndogo zinazowekwa juu ya mboni ambazo hazionekani na mtu yeyote. Mjadala ulikuwa moto kweli kweli. Waliounga mkono walisema ukivaa miwani watu hawakuoni wewe, wanaona miwani; jina lako linapotea unabaki kuitwa Profesa au Macho Manne. Waliopinga, nikiwemo mimi ambaye navaa miwani minene kama chini ya chupa, walisema jicho ni lako hata likisaidiwa. Hatukumaliza kwa sababu kengele ililia na sisi wa kutwa tuna safari ya kurudi nyumbani. Basi nilipokuwa nikisoma habari za Rebmann niliona hoja ile ile imo ndani ya maisha yake, ingawa katika wakati wake lenzi za namna hiyo hazikuwako duniani.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Watu wake walikuwa wakulima wa kawaida. Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza kwa shirika la CMS. Wakati huo Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alikuwa tayari yuko Mombasa tangu 1844, na alikuwa na majonzi makubwa: mke wake Rosina na mtoto wao mchanga walifariki miezi michache tu baada ya kufika. Rebmann alitumwa kuja kumsaidia. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, kijana wa miaka 26.

Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walipanda kilima cha Rabai Mpya kuanza makao yao. Msiwafikirie kama mashujaa wenye nguvu. Wote walikuwa wagonjwa wa homa, na njia ile ya kupanda mnaijua wenyewe. Wazee wa Rabai waliwapokea, na hapa nataka kusema jambo ambalo watu hulipita haraka: bila idhini ya wazee hapangejengwa hata kibanda cha makuti. Warabai walikuwa na kaya yao, na mambo yao yalikuwa yakiamuliwa huko. Wageni walikaa kwa ruhusa.

Rebmann hakuwa mtu wa kelele. Krapf ndiye aliyekuwa na mipango mikubwa ya kuvuka bara zima, Rebmann alikuwa mtu wa kukaa, kusikiliza na kuandika maneno. Hata hivyo ni yeye aliyetumwa bara kwanza. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda mpaka Kasigau, Taita. Kisha tarehe 27 Aprili 1848 akaondoka kwenda Uchaga, nchi ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiifika lakini hakuna Mzungu aliyekuwa ameandika habari zake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia zile za misafara, pamoja na wapagazi wachache. Mwenyewe alikwenda bila bunduki, mwavuli mkononi. Jamani, mwavuli! Nyika ile ya Taru haina maji, ina simba na vifaru, na mtu anapita na mwavuli.

Tarehe 11 Mei 1848, baada ya kupita Taita, asubuhi aliona mbele yake milima ya Uchaga, na juu ya mlima mmoja aliona kitu cheupe. Alidhani ni wingu. Akamuuliza Bwana Kheri ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu chenyewe, lakini alijua jambo moja kuhusu mahali pale, akamjibu kuwa ni baridi. Basi neno hilo moja likamfungua Rebmann. Yeye alitoka nchi ambayo theluji huanguka kila mwaka, tangu utotoni aliikanyaga. Mara akatambua kuwa lile si wingu bali ni theluji, hapa karibu na ikweta.

Naomba tusimame hapa kidogo kwa sababu vitabu vingi husema tu kwamba Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, kisha vinasonga mbele. Mimi naona kwamba macho yake peke yake yaliona wingu. Bwana Kheri alileta neno baridi, Rebmann alileta kumbukumbu ya theluji, na vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo mlima ukaonekana ulivyo. Na wala hawakuwa wa kwanza kuujua. Wachaga walikuwa wakiishi chini yake vizazi na vizazi. Katika safari yake ya pili, iliyoanza mwezi wa Novemba 1848, Rebmann aliambiwa kwamba mfalme Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu juu wakakichunguze kile kitu cheupe, wakitumaini huenda ni fedha. Inasemekana mmoja tu ndiye aliyenusurika, naye mikono na miguu yake iliharibiwa na baridi. Kwa hivyo theluji ilikuwa imeshathibitishwa, na kwa gharama ya maisha ya watu, kabla London hawajaanza kubishana.

Ndiyo, walibishana. Habari za Rebmann zilichapishwa katika gazeti la CMS mwaka wa 1849, na badala ya pongezi zikaletea mwandishi wake dharau. Aliyempinga zaidi alikuwa bwana mmoja msomi wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley. Bwana huyu hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa akikaa Uingereza na vitabu vya kale na hadithi za wasafiri, akitengeneza ramani. Mwaka wa 1852 alitoa kitabu chake kuhusu bara la ndani la Afrika, akashikilia kuwa ile theluji ilikuwa katika mawazo ya Rebmann na wala haikuwa katika macho yake. Jua la ikweta lingewezaje kuacha theluji? Wengine walisema labda ni mawe meupe yanayong'aa.

Sisi tuliosoma jiografia tunajua jibu. Ukipanda juu mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita hivi, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Hesabu rahisi. Hata Cooley angeweza kuipiga, maana theluji ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, karibu na ikweta, ilikuwa inajulikana zamani. Tatizo lake halikuwa hesabu. Kama ningekuwa na nafasi ningemuuliza: kwa nini hukusema kuwa ramani yako imekosea, ukasema macho ya mwenzako ndiyo yamekosea?

Kuna jambo linaloumiza katika kuambiwa kuwa hukuona ulichokiona. Si sawa na kuambiwa umekosea hesabu. Hesabu unaifuta unaianza upya, lakini macho utayafuta vipi? Sisi wenye miwani tunalijua. Mpira ukipita nje ya mstari na wewe ukasema umeona umetoka, utasikia mtu anakwambia nenda ukafute vioo vyako kwanza. Hata kama uliona sawasawa kuliko wote uwanjani! Ushahidi wako unapunguzwa thamani kabla haujasikilizwa. Ndiyo maana nawaelewa wenzangu wanaotamani zile lenzi zisizoonekana. Wanachokimbia si uzito wa miwani puani, wanakimbia kushukiwa.

Rebmann hakukimbia, na pia hakupigana sana. Alishikilia alichoona. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye, akiwa Ukambani, pande za Kitui, aliuona Mlima Kenya ukiwa na weupe kileleni, kwa hiyo wakawa wawili wa kubishiwa. Safari ya tatu ya Rebmann kwenda Uchaga mwaka huo wa 1849 iliishia vibaya. Mamkinga, mwana wa Rengua na mtawala wa Machame, alimnyang'anya karibu kila alichobeba, naye akarudi Rabai mikono mitupu. Hakwenda tena. Mlima uliompa jina hakuusogelea tena maisha yake yote.

Ilikuwa mwaka wa 1861 ndipo Mjerumani mwingine, Karl Klaus von der Decken, alipofika Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba Richard Thornton, wakaipima na kuitazama. Mwaka wa 1862 von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda kufika mita 4,200 hivi, na huko theluji ikawaangukia wenyewe. Wataalamu wengi waliridhika. Cooley aliendelea kubisha. Hesabuni wenyewe: kutoka 1848 hadi 1862 ni miaka 14. Mtoto aliyezaliwa siku ile Bwana Kheri aliposema baridi angekuwa tayari ni kijana wa kwenda mbio.

Miaka hiyo yote Rebmann alikuwa wapi? Alikuwa Kisuludini, hapa hapa Rabai. Mwaka wa 1851 alikwenda Misri akamwoa Emma Tyler, Mwingereza, wakarudi pamoja. Mtoto wao aliyezaliwa hakuishi. Krapf alirudi Ulaya mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya. Jakob Erhardt, mwenzao aliyekuja 1849, alisaidiana na Rebmann kukusanya habari za wafanyabiashara wa bara, na ramani yao iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno ilizusha mjadala mpya London. Ramani ile ilikosea, maana maziwa ni kadhaa, lakini ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke. Hao walimtembelea Rebmann Kisuludini mwezi wa Januari 1857, na kulikuwa na mpango aandamane nao. Hakwenda. Mwaka huo huo Wamasai walishambulia sehemu hizi na Rebmann akakimbilia Unguja akakaa kama miaka miwili, halafu akarudi Rabai. Yule mtu alikuwa na kichwa kigumu, nasema kwa heshima.

Waliofuata dini yake walikuwa wachache sana. Wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa karibu na kufa mwaka wa 1851. Baadaye wakaja Abe Gunja na Abe Ngoa na wengine wachache. Wakubwa wa shirika huko London waliona kazi haiendi. Lakini Rebmann alikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea kimya kimya, nayo ni ya maneno. Aliandika maneno ya Kiswahili. Aliandika maneno ya lugha ya hapa, ambayo wakati huo wageni waliiita Kinika, jina ambalo wazee wetu hawalipendi na ndiyo sababu leo twasema Kimijikenda. Aliandika hata maneno ya lugha ya Ziwa Nyasa, aliyofundishwa na mtumwa aliyeletwa pwani kutoka huko. Fikirini: mtu anayejua lugha ya kwao, ametolewa kwao kwa nguvu, amekaa na Mzungu Rabai anamtajia neno moja moja.

Mwaka wa 1866 Emma alifariki. Rebmann akabaki peke yake, na katika miaka iliyofuata macho yake yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kuhusu biashara ya utumwa, alipopita mwaka wa 1873 alimkuta karibu haoni tena, na bado yumo katika kamusi zake. Mtu aliyejulikana duniani kwa kitu alichokiona akawa hawezi kuona mlango wa nyumba yake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ule mjadala wetu. Kama mtu ni sura yake, au ni macho yake, basi yule Rebmann wa theluji alikuwa amekwisha, na aliyebaki Kisuludini alikuwa mtu mwingine. Ndivyo baadhi ya wageni walivyomwona: mzee aliyepitwa na wakati. Lakini waliokaa naye walimjua kwa vitu vingine. Alijua lugha yao. Alijua nani mwana wa nani. Sauti za watu zilimtosha. Miwani isingemfaa, kwa kuwa miwani hunyoosha mwanga unaoingia katika jicho lililo hai, haifufui jicho lililozimika. Na lenzi za mboni ndizo kabisa zilikuwa hazijazaliwa. Lenzi za kwanza za kuvaliwa jichoni zilitengenezwa na daktari Adolf Fick huko Zurich, naye alitangaza kazi yake mwaka wa 1888, nazo zilikuwa za kioo, kubwa, zisizovumilika zaidi ya saa chache. Zile laini za leo zilianza na Otto Wichterle wa Prague, ambaye mwishoni mwa 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mtambo alioujenga kwa vipande vya mchezo wa watoto. (Wanachama wa Chama cha Sayansi, mmesikia?)

Msaada alioupata Rebmann ulikuwa wa mtu. Isaac Nyondo, kijana wa hapa Rabai, ndiye aliyekuwa akimwongoza. Sasa tazameni tofauti. Miwani inaonekana usoni, lenzi inajificha jichoni, lakini Nyondo alitembea mbele ya Rebmann mchana kweupe na kila mtu aliona kuwa huyu mzee hawezi kwenda bila yule kijana. Hapakuwa na njia ya kuficha. Wala sijasoma popote kwamba Rebmann alitafuta kuficha. Tangu siku ile ya 1848, alipokuwa na macho mazima, alikuwa akiona kwa msaada wa mtu wa pwani aliyesimama kando yake.

Mwaka wa 1874 William Salter Price alifika kuanzisha makao ya watumwa walioachiwa huru, yale yaliyokuja kuitwa Frere Town, na mambo ya Rabai yakaanza kubadilika upesi. Rebmann alishawishiwa akubali kuondoka. Aliondoka mwaka wa 1875, miaka 29 tangu aje, na katika muda huo wote hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Nyondo alisafiri naye mpaka Ulaya. Najaribu kuwaza safari ile: Mrabai anayeona kila kitu kwa mara ya kwanza, na mzee anayerudi nchi yake asiweze kuiona. Nani alikuwa akimweleza nani? Nyondo ataona kitu cheupe kimetanda juu ya mapaa ya nyumba, na safari hii ni yeye atakayesema baridi, na mzee ndiye atakayelitoa jina lake.

Rebmann alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, jirani na Krapf rafiki yake wa zamani. Kwa ushauri wa Krapf alioa tena mwezi wa Aprili 1876, akamchukua Louise Däuble, mjane wa mmisionari, ili asiwe peke yake katika giza. Ndoa haikufika hata mwaka. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56.

Maneno yake yalitoka baada yake. Kamusi ya lugha ya Nyasa ilichapishwa 1877, Krapf akiwa ndiye aliyeitayarisha. Kamusi ya lugha ya huku kwetu, iliyotokana na maneno aliyoyakusanya yeye na Krapf, ilitoka 1887. Isaac Nyondo alikuwa amekwisha kurudi Rabai zamani, akiendelea na kazi yake, na kama kitabu kile kilimfikia mkononi, basi humo ndani alikuta maneno ya nyumbani kwao yameandikwa na mtu ambaye aliwahi kumshika mkono akimvusha mabonde ya Kisuludini.